Chora Kwanza, Kokotoa Baadaye



Wadogo zangu wa Njoro, Kabarak, Naivasha, Nyahururu na Nakuru mjini, barua zenu za mwezi huu zina kilio kimoja. Anayesomea uhandisi analia, anayesomea uchumi analia, na anayejiandaa kuwa mwalimu wa hesabu analia zaidi yao wote. Mmeingia mwaka wa pili, mmekutana na kalkulasi ya vigeu vingi, na mnaona kama mmehamishiwa darasa lisilo lenu. Mmoja wenu anasema alipata A ya hesabu kwenye KCSE na akapita kalkulasi ya kwanza na ya pili bila taabu. Sasa anaketi darasani anaiona ile d iliyopinda, ∂, anainakili daftarini, lakini hajui inazungumzia nini. Anauliza kama abadilishe kozi.

Usibadilishe kozi, mdogo wangu. Kukokotoa unakujua tayari: unajua kutafuta dirivativu na unajua kutafuta integrali. Somo hili linakuongezea kazi moja ambayo hukuzoea kuifanya, nayo ni kuliona umbo kabla ya kugusa hesabu. Wengi wanaoanguka huanguka hapo. Wanajua kanuni zote, lakini wanaanza kuandika kabla ya kujua wako wapi na wanaelekea wapi. Kwa hiyo ushauri wangu wote wa leo unatoka kwenye neno moja: chora kwanza. Nitachukua maswali yenu moja moja.

"Dada, somo hili linahusu nini hasa?"

Tafuta Jumamosi moja, chukua marafiki wawili, mpande hadi ukingo wa Menengai. Mji wa Nakuru uko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na sehemu ya juu ya ukingo ni takriban mita 2,278. Mbele yenu mtaona kreta yenye kilomita 12 kwa 8 hivi. Sasa jiulize: kimo changu kinategemea nini? Kinategemea mahali niliposimama, na ili kutaja mahali nahitaji namba mbili, umbali wa kuelekea mashariki na umbali wa kuelekea kaskazini. Ukiziita x na y, kimo ni f(x, y). Hiyo ndiyo fanksheni ya vigeu viwili, na wewe umesimama juu yake.

Ukiwa hapo, lile swali la kalkulasi ya kwanza, "mteremko ni kiasi gani?", halina tena jibu moja. Anayetazama ndani ya kreta ana mteremko wa kutisha mbele yake. Anayefuata ukingo anaweza kutembea kitambo bila kupanda wala kushuka. Lazima kwanza useme unaelekea wapi. Dirivativu ya sehemu kwa x ni mteremko wa mtu anayekwenda mashariki moja kwa moja. Ya y ni ya anayekwenda kaskazini. Ndiyo maana unapotafuta ya x unaichukulia y kama namba ya kawaida: mtembeaji wako wa mashariki hasogei kaskazini hata hatua moja. Kwa f(x, y) = x²y + 3y, ya x ni 2xy na ya y ni x² + 3. Kazi ya kukokotoa ni ile ile ya mwaka wa kwanza.

Ziweke dirivativu hizo mbili pamoja kama vekta na umepata gradienti. Vekta hiyo inaelekea upande ambako mlima unapanda kwa ukali kuliko pande zote, na urefu wake ndio ukali wenyewe. Unazikumbuka zile ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 mlizosoma kwenye jiografia ya sekondari? Kila kontua inaunganisha mahali penye kimo kimoja. Ukitembea juu ya kontua hupandi hata kidogo, kwa hiyo upande wa kupanda kwa ukali zaidi lazima uikate kontua kwa pembemraba. Kontua zikibanana, gradienti ni ndefu. Zikiachana, ni fupi. Mtu aliyeielewa ramani hiyo amekwisha kuelewa nusu ya kwanza ya muhula.

Kutoka hapo, vilele na mabonde hayatakusumbua. Gradienti ikiwa sifuri, kwa kawaida uko kileleni, au chini kabisa ya bonde, au kwenye nukta ya tandiko, yaani pale unapopanda ukielekea upande mmoja na kushuka ukielekea mwingine. Barabara zinazovuka safu za milima hupenda kupitia mahali pa namna hiyo, kati ya vilele viwili. Lile jaribio la dirivativu za pili mnalokariri lipo ili kuzitenganisha hali hizo tatu.

"Mbona kikomo kimekuwa kigumu ghafla?"

Kwa sababu njia zimeongezeka. Kwenye mstari unaifikia namba kutoka kushoto au kulia, basi. Kwenye eneo, njia hazina idadi. Unaweza kuingia Nakuru kwa barabara ya Njoro, ya Naivasha au ya Eldama Ravine, na kimo cha katikati ya mji hakibadiliki kwa sababu ya njia uliyopitia. Kikomo kinadai hivyo hivyo: njia zote zikupe jibu moja.

Chukua xy/(x² + y²) unapoikaribia nukta (0, 0). Ukipita kwenye mhimili wa x unapata 0. Ukipita kwenye mstari y = x unapata nusu. Njia mbili zimetofautiana, kwa hiyo kikomo hakipo, na umemaliza swali. Lakini shika hili kwa nguvu: njia mbili zinatosha kuthibitisha kwamba kikomo hakipo, hata njia mia hazitoshi kuthibitisha kwamba kipo. Kwa hilo la pili unahitaji hoja inayozishika njia zote kwa mpigo, na mara nyingi koodineti za pola hukusaidia.

"Nakwama kwenye integrali maradufu."

Hapa ndipo wengi wenu mnapopoteza alama, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tuanze na Ziwa Nakuru. Mnajua lilivyopanda tangu karibu 2010, hadi likalimeza lile lango kuu la zamani la mbuga. Mtu akiuliza ziwa lina maji kiasi gani, anauliza integrali maradufu. Gawa uso wa ziwa kwa miraba ya mita 100 kwa 100. Nenda kwa mashua, pima kina katika kila mraba. Mraba wenye kina cha mita 3 una maji ya mita za ujazo 30,000, kwa sababu eneo lake ni mita za mraba 10,000. Jumlisha miraba yote na umepata makadirio. Punguza ukubwa wa miraba, makadirio yanakaribia ukweli. Haba na haba hujaza kibaba, na integrali ndiyo hesabu kamili ya kibaba hicho.

Tazama sasa mambo mawili yaliyo ndani ya kazi hiyo. La kwanza ni kina, ambacho ndicho fanksheni. La pili ni ufuo, mpaka wa eneo unalojumlisha. Mtihani hukupa fanksheni bure. Mpaka ndio unaokupima. Ndiyo maana nasema usiandike mipaka ya integrali kabla hujachora eneo.

Mfano huu haukosekani kwenye karatasi za mitihani. Unapewa e^(y²), ndani unajumlisha kwa y kutoka x hadi 1, nje kwa x kutoka 0 hadi 1. Ukianza kukokotoa utakwama hapo hapo, maana e^(y²) haina integrali inayoandikika kwa fanksheni tulizozizoea. Si udhaifu wako, hakuna anayeweza. Weka kalamu chini uchore. Eneo ni pembetatu yenye kona (0, 0), (0, 1) na (1, 1). Ulikuwa unaikata kwa vipande vya wima. Ikate kwa vipande vya mlalo: kila kipande kinaanza x = 0 na kinaishia x = y, na y inakwenda 0 hadi 1. Ndani sasa unajumlisha kwa x, unapata y mara e^(y²), na hiyo unaijua tangu kalkulasi ya kwanza. Jibu ni (e − 1)/2, karibu 0.86. Kilichokuokoa ni mchoro wa sekunde kumi.

Beba kanuni moja ya kujikagua: mipaka ya nje ni namba tupu, daima. Ukiona x au y imebaki kwenye mpaka wa nje, rudi kwenye mchoro.

"Ile r ya ziada kwenye koodineti za pola inatoka wapi?"

Ukipita karibu na Ziwa Naivasha yapo mashamba ya duara, yanayomwagiliwa na mabomba marefu yenye magurudumu yanayozunguka nguzo ya katikati. Bomba likizunguka mara moja, gurudumu la karibu na nguzo limetembea kidogo, na la mwisho limetembea mbali sana, japo yote yamepita pembe ile ile. Kwa hiyo ukanda wa nje una udongo mwingi kuliko ukanda wa ndani wenye upana ule ule. Kipande kidogo cha eneo kilicho umbali wa r kutoka katikati kina upana dr na urefu r dθ. Eneo lake ni r dr dθ. Hiyo r ndiyo malipo ya kuwa mbali na nguzo.

Ukisahau, vipimo vitakushtaki. Tafuta eneo la duara lenye nusu kipenyo a bila kuweka r: utapata 2πa, ambayo ni urefu tu, mita badala ya mita za mraba. Weka r: πa². Jizoeze kuuliza kila mara, "Jibu langu linapimwa kwa nini?" Swali hilo litakuokoa hata kwenye maumbo ya vipimo vitatu yatakayofuata.

"Lambda ya Lagrange ni mdudu gani?"

Mkulima wa Molo ana waya wa mita 120 na anataka kuzungushia kondoo wake malisho ya mstatili kando ya mto. Upande wa mto hauhitaji waya. Pande mbili zinazotoka mtoni ni x, upande wa tatu ni y. Anataka xy iwe kubwa iwezekanavyo, lakini 2x + y = 120.

Joseph-Louis Lagrange, aliyezaliwa Turin 1736 na kufariki Paris 1813, alituachia njia ya kulitatua. Chora mstari wa sharti, kisha chora kontua za xy. Ukitembea kwenye mstari wa sharti huku unakata kontua, bado unaweza kuongeza eneo. Unafika mwisho pale mstari unapoigusa kontua bila kuikata, na hapo gradienti mbili zinaelekea upande mmoja. Ndiyo maana tunaandika gradienti ya kwanza ni lambda mara ya pili. Hapa inatoa y = 2λ na x = λ, kwa hiyo y = 2x. Ukirudi kwenye sharti, x = 30, y = 60, na eneo ni mita za mraba 1,800.

Na lambda ni 30. Wanafunzi wengi huipata na kuitupa, nayo ndiyo habari njema kuliko zote: inamwambia mkulima kwamba mita moja ya ziada ya waya itamwongezea mita za mraba 30 hivi za malisho. Hakikisha mwenyewe kwa mita 121: eneo ni 1,830.125. Mnaosomea uchumi, hiyo ndiyo thamani ya shilingi ya mwisho mnayofundishwa kwa jina lingine.

"Na zile teoremu za mwisho wa muhula?"

Nitazungumzia ya Green tu, kwa sababu ukiishika hiyo, za Stokes na Gauss ni ndugu zake. Inasema kwamba ukijumlisha kitu fulani kando ya mpaka wote, unapata habari ya yaliyomo ndani. Mpima ardhi anajua hili kwa vitendo. Akiwa na koodineti za mawe ya mipaka ya shamba, anazunguka kona kwa kona na kupata eneo bila kukanyaga katikati ya shamba. Kanuni anayoitumia ni nusu ya integrali ya x dy − y dx kuzunguka mpaka.

Nawaomba mumjue mwenye jina hilo. George Green alikuwa msaga ngano wa Nottingham, Uingereza. Alisoma shule kama mwaka mmoja hivi akiwa mtoto, kisha akafanya kazi katika biashara ya baba yake, ya mkate na kinu cha upepo. Mwaka 1828 alichapisha kwa fedha za waliojiandikisha kukinunua kitabu kilichobeba wazo hilo. Aliingia Cambridge kama mwanafunzi mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Ninyi mnaopita kati ya mashamba ya ngano ya Njoro kila asubuhi mkienda darasani, msikubali kuambiwa kwamba hesabu hii ni ya watoto wa shule kubwa peke yao.

"Itanisaidia nini nikimaliza?"

Tazama chini ya miguu yako. Pale Olkaria mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme wa mvuke mwaka 1981, na mwaka 2023 mtambo wa megawati 35 ukaanza Menengai. Joto la mwamba ni fanksheni ya vigeu vitatu: mashariki, kaskazini na kina. Joto hutiririka kinyume cha gradienti yake, kutoka penye moto kwenda penye baridi. Kisima kimoja ni ghali mno, kwa hiyo lazima mtu akae akokotoe kabla ya kuchimba. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Na ukiwa mwalimu, basi watoto wa Rongai na Subukia watajifunza mteremko kutoka kwa mtu anayejua unakoelekea.

"Dada, wasichana tuko wachache darasani."

Najua, na sitaki mfanye kazi ya kunakili tu. Kwenye vikundi nimeona mara nyingi: mvulana anashika kalamu na kutatua, msichana mwenye mwandiko mzuri anaandika safi. Mwandiko mzuri hauingii chumba cha mtihani. Shika kalamu ubaoni, kosea mbele ya wenzako, sahihisha, endelea. Sofia Kovalevskaya alizuiwa kuhudhuria mihadhara Berlin kwa kuwa mwanamke, akasomeshwa faraghani na Karl Weierstrass. Mwaka 1874 alipata udaktari wa Göttingen, na mojawapo ya kazi zilizompa shahada hiyo ilihusu milinganyo ya dirivativu za sehemu, zile zile zenye ∂. Alama hiyo imepita mikononi mwa wanawake zamani sana. Usiiogope.

"Nipange vipi muhula?"

Baada ya kila mhadhara, siku hiyo hiyo, fanya maswali matatu bila kutazama daftari. Matatu ya leo yanakufaa kuliko thelathini ya usiku wa kuamkia mtihani, kwa sababu kila mada hapa inasimama juu ya iliyotangulia. Kila swali liwe na mchoro, hata ukiwa mbaya. Kama mkono wako haujazoea maumbo ya vipimo vitatu, GeoGebra ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu.

Vitabu vya James Stewart na vya Thomas vipo kwenye maktaba nyingi. Kama nakala zimekwisha kuazimwa, OpenStax wametoa Calculus Volume 3 bila malipo, na mihadhara ya Denis Auroux ya MIT iko wazi kwa yeyote. Shusha usiku kwenye mtandao wa chuo, usitumie hela yako ya chakula kununua bando.

Kikundi kiwe cha watu watatu au wanne, na kila mmoja aeleze swali moja kwa mdomo. Ukishindwa kulieleza, hujalielewa, na ni heri ujue mapema. Nenda ofisini kwa mhadhiri na swali lililoandikwa: "Nimechora eneo hivi, nimekwama hapa." Akiona mchoro wako atajua pa kukushika. Katika vyuo vyetu vingi majaribio ya darasani yana alama 30 na mtihani wa mwisho 70, kwa hiyo jaribio la kwanza likuambie ukweli ungali na muda. Na mwakenya uache. Karatasi ndogo ya fomula haiwezi kukuchorea eneo, na ikikamatwa inaweza kukugharimu chuo kizima.

"Nimepata sapu. Nyumbani niseme nini?"

Sema ukweli, kwa sauti ya kawaida: nimeanguka somo moja, nitalirudia tarehe fulani, na mpango wangu ni huu. Wazazi wengi wanaogopa zaidi kufichwa. Kisha omba kuiona karatasi yako kama taratibu za chuo zinaruhusu, na gawa makosa mafungu mawili: ya kukokotoa na ya kuweka mipaka. Nakuhakikishia fungu la pili ndilo litakalokuwa zito, na hilo linatibika kwa penseli na karatasi. Ikiwa sababu ilikuwa mkopo kuchelewa, njaa, au ugonjwa, peleka habari hiyo kwa ofisi ya ushauri kabla ya mtihani mwingine. Kunyamaza hakujawahi kumpa mtu alama.

Wewe uliyetaka kubadilisha kozi, kazi yako wiki hii ni hii: chukua maswali matano ya integrali maradufu, usitatue hata moja. Chora maeneo tu, uandike mipaka kwa njia zote mbili, wima na mlalo. Wiki ijayo ndipo ukokotoe. Kisha niandikie tena uniambie umefika wapi. Barua yako nitaisoma ya kwanza.

Dada yenu anawapenda, na anatarajia mtapita.